Sindano katika figo la yaya

Mwaka uliopita, kisha Pasaka, yaya yetu alikwenda hospitalini kwa sababu ya tumbo. Hakuugua figo hata kidogo. Alikula maharagwe ya sikukuu, tumbo likamvuruga, basi. Munganga alimtazama kwa ekografi ili aone nyongo, wala hakuona neno lolote katika nyongo. Lakini alipoteremsha ile mashini ubavuni, upande wa kushoto, mkono wake ulisimama. Sisi tuliokuwa karibu na kitanda tuliona jinsi mkono ulivyosimama, nasi tukajua kwamba kuna jambo.

“Kuna uvimbe katika figo,” akatuambia mlangoni kwa sauti ya chini. “Sentimetri 3 na kidogo.”

Yaya ana miaka 68. Alifundisha shule ya msingi katika Likasi muda wa miaka 36, na watu wengi wa mtaa wetu walijua kusoma kwa sababu ya sauti yake, na wengine kwa sababu ya fimbo yake. Sisi ndugu zake tuko wanne, naye ndiye mkubwa. Tangu baba alipokufa, yeye ndiye baba yetu. Basi tulipotoka pale mlangoni tulimwambia: “Ni nyongo, yaya. Wanataka kuitazama tena.”

Msituhukumu upesi. Wengi wenu mmefanya vilevile. Kwetu mgonjwa ni mtu wa mwisho kujua ugonjwa wake. Jirani amekwisha kuambiwa, shemeji amekwisha kuambiwa, hata mwenye duka anayetukopesha sukari amekwisha kuambiwa, naye mwenyewe bado anameza dawa ya nyongo.

Juma lile tulimwona munganga mpasuaji. Alitazama karatasi, akasema: “Figo hili litolewe lote. Juma lijalo.” Tukamwuliza kama ni kansere kweli. Akajibu: “Tutajua tukiisha kulitoa.” Watu walijaa barazani, naye alikuwa na haraka. Hatumlaumu sana, kwa maana neno lake, kama tulivyojifunza baadaye, halikuwa neno la mjinga. Lakini usiku ule hatukulala.

Tulikutana nyumbani kwa dada yetu. Mmoja wetu akasema: “Kama munganga amesema litolewe, litolewe, tutafute pesa.” Mwingine akakataa kabisa: “Uvimbe ukiguswa unaamka. Mliona jinsi ilivyokuwa kwa mzee wa kando ya soko: walimpasua, na kisha miezi miwili tukamzika.” Neno hili tunalisikia pote. Mara nyingi mtu huyo alifika hospitalini amechelewa, kansere imekwisha kumjaa tumbo; si kisu kilichoiamsha. Lakini nani atasema hivyo usiku, mbele ya ndugu wanaolia?

Ndipo dada akatoa swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu. Alisema: “Mwaka ule jirani yangu alipopata donge katika titi, wanganga walimchoma sindano kwanza, wakatoa kipande kidogo cha nyama, wakakitazama, kisha ndipo wakakata. Kwa titi walichoma kwanza. Kwa figo wanataka kukata bila kuchoma. Sababu gani?”

Kwa swali hilo tulikwenda Lubumbashi.

Munganga tuliyemkuta kule alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wa yaya. Hakutugeukia sisi. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mgonjwa, akasema: “Baba, wamekuambia una nini?”

“Nyongo,” yaya akajibu.

Munganga akatutazama. Sisi tukatazama chini. Akasema: “Siwezi kumpima mtu asiyejua anapimwa nini.” Akamweleza yote, polepole, akichora figo juu ya karatasi. Yaya alisikiliza kimya. Mwishoni alitugeukia, akasema: “Miaka 36 niliwafundisha watoto wa watu kusema kweli. Ninyi nilisahau kuwafundisha.” Tangu siku ile hatukumficha tena neno. Aibu ile tungali nayo.

Sasa tuwaelezeni tuliyoyasikia siku ile na siku nyingine zilizofuata, maana tungeyajua mapema tusingetangatanga.

Uvimbe wa figo si kitu cha namna moja. Mara nyingi ni mfuko wa maji tu. Watu wengi waliopita miaka 50 wanao, wala hawajui. Ukuta wake ukiwa mwembamba na maji yake safi, hauchomwi wala haukatwi, unaachwa. Munganga mmoja wa picha katika New York, Morton Bosniak, aliandika mwaka 1986 namna ya kuipanga mifuko hiyo kwa madaraja, kuanzia ile isiyo na shaka hata ile ambayo kwa kawaida ni kansere. Mpango wake ulitengenezwa upya mara kadhaa, na wanganga wangali wanautumia. Pengine tena uvimbe una mafuta ndani. Skana inayaona, na uvimbe wa namna hiyo karibu kila mara si kansere.

Unaobaki ni uvimbe wa nyama. Unajulikana hivi: wanapiga picha ya skana, kisha wanaingiza dawa katika mshipa wa damu, wanapiga tena. Uvimbe ukinywa dawa ile na kung'aa, ni nyama iliyo hai, inayopata damu. Ndivyo ulivyokuwa wa yaya. Uvimbe kama huo ukiwa chini ya sentimetri 4, katika watu 5 karibu 4 wana kansere, na mmoja hana. Kadiri unavyozidi kuwa mkubwa, ndivyo yule mmoja anavyopungua.

Hapo ndipo tulipopata jibu la dada. Kwa figo, picha yenyewe inasema mengi, na wapasuaji tangu zamani waliona kwamba picha mbaya inatosha kwa kukata. Tena zamani sindano ilirudi mara nyingi bila jibu. Wanganga waliogopa damu, kwa maana figo ni kiungo chenye damu nyingi. Waliogopa pia sindano isipande mbegu za kansere njiani inapotoka. Na mtu anaweza kuishi na figo moja. Jambo hili lilionyeshwa wazi na Gustav Simon, mpasuaji wa Heidelberg katika Ujerumani. Tarehe 2 ya mwezi wa nane mwaka 1869 alimtoa mwanamke mmoja figo, baada ya kujizoeza kwanza kwa mbwa, na mwanamke yule akapona. Basi yule mpasuaji wetu wa kwanza alikuwa anafuata njia iliyokanyagwa na wengi.

Mtu anaweza kuishi na figo moja, ndiyo, kama hilo moja ni zima. Yaya ana sukari, na damu yake inapanda kwa nguvu tangu miaka mingi. Walipopima kreatinini waliona kwamba mafigo yake mawili pamoja yanafanya kazi nusu tu. Kumwondolea moja ni kumsogeza karibu na ile mashini ya kusafisha damu, ambayo mgonjwa anafungwa nayo mara 3 kwa juma, masaa mengi, maisha yake yote. Nani kwetu analipa mashini hiyo? Na kama uvimbe wenyewe ulikuwa wa yule mmoja katika 5, tungemtia yaya katika utumwa huo kwa bure.

Yule munganga kijana alituuliza hivi, na maneno yake tumeyashika kwa moyo: “Nikichoma sindano na jibu likawa kansere, tutafanya nini? Na jibu likiwa si kansere, tutafanya nini? Kama majibu yote mawili yanatupeleka mlango mmoja, sindano ni ya nini?”

Swali hili tulilichukua nyumbani, tukalijaribu juu ya watu tunaowajua. Binti ya mama mdogo, anayekaa Kipushi, alipatikana na uvimbe wa sentimetri 8. Yeye ana miaka 41, moyo mzima, figo la pili zima, na picha haikuacha shaka. Hawakumchoma. Sindano ingesema kansere, angekatwa. Ingerudi bila jibu, angekatwa vilevile. Walimkata, na mpaka leo anauza samaki wake. Kinyume chake, babu mmoja wa kanisa letu dogo, mwenye miaka 86 na moyo unaochoka akivuka ua, naye alionekana ana uvimbe mdogo katika figo. Hawakumchoma wala hawatamchoma. Asingeweza kuvumilia kisu kwa jibu lolote, na uvimbe mdogo wa namna hiyo mara nyingi unakua polepole sana, milimetri chache kwa mwaka. Wanamtazama tu.

Lakini kuna watu wengine ambao kwao kukata bila kuchoma ni hatari. Mtu aliyekwisha kupata kansere mahali pengine, tuseme katika pafu: labda uvimbe wa figo ni mtoto wa kansere ile ya kwanza, na dawa yake ni nyingine. Mtu mwenye homa na maumivu ubavuni: labda ni usaha, nao unataka dawa ya vijidudu na pengine kukamuliwa, si kutoa figo. Mtu ambaye kansere yake ya damu nyeupe, wanayoiita limfoma, imeingia katika figo: huyo anatibiwa kwa dawa, na kumkata ni kumharibu. Mtu ambaye kansere ya figo imekwisha kufika katika mapafu ao mifupa, naye anaandaliwa kupewa dawa: lazima ijulikane kansere ni ya namna gani, ingawa kipande kinaweza kutolewa mahali popote palipo rahisi kufikiwa. Katika nchi zenye vyombo, kuna pia wale wanaochomewa uvimbe kwa moto ao kuugandisha kwa baridi bila kupasua. Kwao kipande kinatolewa kwanza, kwa sababu baadaye hakuna nyama nzuri ya kutazama. Tena kuna mtu mwenye figo moja tu, ao mwenye uvimbe katika mafigo yote mawili, ao mwenye mafigo dhaifu. Katika kundi hili la mwisho ndimo alimokuwa yaya.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno kwa akina mama, ijapokuwa linatutoa kidogo njiani. Mtoto mdogo naye anaweza kupata uvimbe wa figo. Unaitwa kwa jina la Max Wilms, mpasuaji Mjerumani aliyeandika habari zake mwaka 1899. Mara nyingi ni mama mwenyewe anayeuona, anapomwogesha mtoto: tumbo limekuwa gumu upande mmoja. Kwa mtoto huyo desturi ya sindano ni tofauti na ya mtu mzima. Katika Ulaya, picha ikiwa wazi, kwa kawaida wanampa dawa kwanza bila kumchoma, ili uvimbe upungue, kisha wanakata. Katika Marekani ya Kaskazini mara nyingi wanakata kwanza. Sindano wanaiweka kwa picha yenye mashaka, kwa maana si kila uvimbe wa figo kwa mtoto ni wa Wilms. Ile limfoma ya watoto aliyoiandika Denis Burkitt mwaka 1958, alipokuwa mpasuaji katika Uganda, inajulikana kwa kuvimbisha taya, lakini pengine inakaa katika mafigo, nayo dawa yake si kisu. Mama, tumbo kama hilo lisikandwe, lisibonyezwe na kila jirani anayetaka kuligusa, wala lisichanjwe chale. Uvimbe wa Wilms unaweza kupasuka. Mpeleke mtoto hospitalini siku ileile, maana watoto wengi wa ugonjwa huu wanapona wakifika mapema.

Turudi kwa yaya. Alisema mwenyewe: “Nichomeni.” Munganga alimzuia dawa ya aspirini siku kadhaa mbele, akapima kama damu yake inaganda vizuri, akangoja mpaka damu iliyopanda imeshuka. Siku yenyewe alimlaza kifudifudi, akatia dawa ya ganzi katika ngozi na nyama, akafuata njia ya sindano kwa ekografi. Alituonyesha mbele sindano zile. Ni mbili: ya nje ni kama mrija, inakaa pale ilipo, ya ndani inapita katika mrija, inakata kipande chembamba kama uzi, inatoka nacho. Kwa hiyo nyama iliyokatwa haigusi nyama ya njiani. Tulimwuliza waziwazi juu ya kule “kuamsha” uvimbe. Alisema kwamba kansere kufuata njia ya sindano kumeonekana kwa watu wachache sana katika dunia. Hatari anayoiangalia zaidi ni damu. Isipokuwa, akasema, uvimbe unaotoka katika mrija wa mkojo ndani ya figo, huo wanauogopa kuuchoma kupitia ngozini, nao wanautafuta kwa kupima mkojo na kwa chombo kinachopitishwa katika njia ya mkojo.

Yaya alilala pale mpaka kesho yake. Mkojo wa kwanza ulikuwa mwekundu kidogo, wa pili ulikuwa safi. Alilalamika zaidi juu ya uji wa hospitali.

Tulingoja majuma 3. Wanganga wa mikroskopi ni wachache katika nchi yetu, na vipande vya watu ni vingi. Jibu lilipokuja, lilisema: damu, na nyama ya figo ya kawaida. Hakuna zaidi.

Ndugu zetu, tulifurahi! Mmoja wetu alikuwa amekwisha kununua soda. Lakini munganga alitikisa kichwa. Akasema: “Jibu hili halisemi kwamba hakuna kansere. Linasema kwamba sindano haikufika.” Karibu mara moja katika 10 inatokea hivyo, na zaidi uvimbe ukiwa mdogo. Basi hasira ikawaka katika jamaa. Pesa za skana zimekwisha, pesa za sindano zimekwisha, nauli ya Likasi na Lubumbashi imetumaliza, na bado hatujui neno. Yule ndugu aliyesema tangu mwanzo kwamba uvimbe usiguswe alituambia: “Niliwaambieni.” Sisi wenyewe tulianza kufikiri kwamba afadhali tungekubali kisu cha juma la kwanza.

Yaya alikubali kuchomwa mara ya pili. Safari hii walitumia skana ili kufuata sindano, wakatoa vipande 3. Majuma mengine 3. Jibu: onkositoma, uvimbe usio kansere, mmoja wa wale ambao hakuna picha inayoweza kuutenga vizuri na kansere.

Hata hapo munganga hakupiga makofi. Alituambia kwamba kuna kansere moja ya figo inayofanana nao sana chini ya mikroskopi, na kwamba sindano inaonja pembe moja tu ya chungu. Kwa mtu mwenye mafigo mazima angeweza kufikiri kuondoa uvimbe peke yake na kuacha figo. Kwa yaya alichagua kungoja kwa macho wazi: ekografi mara kwa mara, mkono wa mtu mmoja kama inawezekana, na kurudi upesi uvimbe ukianza kukimbia. Alimwuliza yaya kama anaweza kuishi hivyo, akijua kwamba kitu kimo ndani. Yaya akajibu kwamba amekwisha kuishi na mengi yaliyomo ndani.

Mwezi wa kumi mwaka uliopita walipima milimetri 31. Mwaka huu, mwezi wa nne, walipima 34. Dada alilia njia nzima, akisema sasa kisu ni lazima. Munganga alisema kwamba mkono mmoja leo na mkono mwingine kesho wanaweza kuachana kwa milimetri hizo 3, na kwamba onkositoma nayo inakua. Hakuona bado sababu ya kukata. Sisi wengine tumegawanyika, wawili huku na wawili huku, na kila Dominika kisha Misa tunalianza shauri lilelile chini ya mwembe.

Yaya anatusikiliza mpaka tumalize. Ameandika hesabu zote katika daftari la shule, tarehe, milimetri na kreatinini, mistari imepigwa kwa rula. Kurudi kwake Lubumbashi ni mwezi wa kumi. Nauli tumeanza kuiweka.